Makaburi yaliyopakwa chokaa: nilivyoyaona kwenye ukuta wa dispensari, Mangobo

Wakuu, nawasalimu.

Humu kuna aliyeuliza maana ya "makaburi yaliyopakwa chokaa". Mimi si msomi, shule nilikomea ya msingi. Nasimulia nilichoona, na nisipokuwa na hakika nitasema.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa kumi na moja, enzi za Zaire, mtaani kwetu Mangobo, Kisangani. Mvua ilinyesha alfajiri, kisha jua kali.

Jumamosi ni salongo, kazi ya lazima ya mtaa. Mkubwa wa Chama tawala kutoka Kinshasa angepita kwetu. Donc ikabidi dispensari ipakwe chokaa, vitanda vitandikwe mashuka mapya, na mgonjwa asilale humo mpaka apite.

Msimamizi wa kazi hiyo alikuwa Tonton Anselme, mdogo wa baba. Shemasi wa kanisa letu.

Dada yangu Feza alikuwa na mimba kubwa na homa. Tulimleta tukimshika makwapa.

"Papa Anselme, mutoto iko nachoma kama moto," mama alisema.

"Naona, mama. Wageni wapite kwanza."

"Kitanda iko tupu!"

"Iko ya kuonyesha, mama. Unataka banifunge?"

Feza akakaa nje. Alipojishika ukutani ili atapike, alama ya kiganja chake ikabaki kwenye chokaa mbichi, na vidole vyote. Tonton akaja na brashi, akapaka juu yake.

Msafara ukapita bila kusimama. Tulipomlaza Feza kitandani, roho ilishatoka. Na mtoto tumboni.

Nimtendee haki Tonton: angekataa, kweli wangemfunga. Jeneza alilipigilia misumari mwenyewe, akilia. Sidhani alijifanya. Labda namhukumu vibaya.

Lakini matangani alisimama na Biblia: "Feza tulimupenda. Hatukumunyima kitu."

Baba akamuuliza polepole, "Ndugu yangu, ukuta yako imekauka?"



Bon. Yesu aliwaambia Mafarisayo: nje weupe, ndani mifupa ya wafu. Watu wanatumia maneno hayo kumtukana mnafiki. Mimi yananishinda kumrushia mtu, maana niliyemwona na brashi alimlilia marehemu. Nilichojifunza ni hiki: nikianza kung'arisha nje, nitazame kwanza nani amelala mlangoni.

Mnaojua Maandiko, nirekebisheni: anayepaka kwa woga naye ni mnafiki?

Jioni ya mazishi tulikula lituma, ndizi za kupondwa, na pondu, yaani kisamvu, bila samaki. Tonton alikula nasi sahani moja, chokaa ingali kwenye kucha zake.