Bei ya Maskati, Bei ya Ami

Harusi ya binti wa ami yangu ilikaa ndani ya kompyuta yangu siku thelathini na moja, na niliyeizuia ni mimi. Haikuwa imeharibika. Tangu wiki ya pili ilikuwa tayari, imekatwa, imeungwa, imetiwa nyimbo. Nilimwambia ami, kwa adabu zote, kwamba itatoka siku atakayonionyesha karatasi moja tu: risiti aliyopewa aliponunua kadi ya picha aliyoniuzia.

Nianze na kazi yangu. Napiga video za harusi hapa Bagamoyo, hasa shughuli za wanawake. Siku hiyo kwetu mwanamume hapiti hata barazani. Mabaibui yanavuliwa, nywele zinaachiwa, na bibi zetu wanacheza ngoma ambazo waume zao hawajui kama wanazijua. Kwa hiyo mpigaji awe mwanamke, mwenye kukata picha awe mwanamke, na kompyuta yenye picha hizo isiguswe na fundi wa kiume. Wenye shughuli huniapisha kabla hawajanifungulia mlango.

Mwaka jana kompyuta ilianza kugoma. Video moja ya saa tatu ilinichukua siku nzima kuikamilisha. Niliambiwa inataka kadi ya picha, kidude kinachochomekwa ndani kuibebea mashine mzigo wa video. Ami, mdogo wake marehemu baba, ana duka la kompyuta kwenye barabara ya kuingilia mjini. Kibao chake kinasema mzigo unatoka Dubai moja kwa moja. Kila baada ya miezi michache hufunga sanduku, huaga, hutoweka siku nne tano, na akirudi kila nyumba ya ukoo hupata boksi la tende.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Na hiyo kompyuta yako, bado inakohoa?"

Akainama chini ya meza, akatoa boksi. "Hii nimeibeba mwenyewe kwenye begi la mkononi, toka Dubai mpaka hapa. Sikuiweka dirishani. Nilikufichia wewe."

Nikauliza bei. Akanitazama kama niliyemtukana.

"Mimi na wewe tuulizane bei? Baba yako angekuwepo, ungeniuliza?"

Hapo ndipo nilipokosea, na ni kosa la mtu aliyelelewa kama mimi. Nilinyamaza. Kwetu mtoto hapatani bei na ami yake. Ni kama kumwambia mbele ya watu kwamba humwamini. Kwa muuzaji mgeni ningevutana mpaka jasho limtoke. Kwa ami niliambiwa milioni moja na laki moja, nikalipa, nikamshukuru, nikambusu mkono.

Miezi mitatu baadaye akamwoza binti yake. Na mimi bei yangu hakuuliza mtu. "Wewe ni mwenye shughuli," ami alisema, nikaitika. Nikah ilifungwa barazani kwake. Nilisimama nyuma ya pazia la mlango na kamera, nikaipata sauti yake vizuri anapomshika mkono bwana harusi. Kesho yake nikapiga ya wanawake.

Nilikuwa katika kukata picha alipokuja dada wa bwana harusi, anayeishi Maskati. Alitaka zitolewe picha zote anazoonekana anatafuna, nazo zilikuwa nyingi. Akaliona lile boksi juu ya kabati.

"Hee! Kidude hiki hata mwanangu anacho. Amechezea gemu mpaka amefeli."

"Mlinunua shilingi ngapi?"

"Shilingi tena! Riali."

Akaitafuta risiti na picha ya boksi kwenye simu, akanipa. Herufi zile zile, namba zile zile, mpaka rangi ya boksi. Nikageuza riali kuwa shilingi: laki tano kasoro kidogo.

"Na wewe umechukua kwa ngapi?"

Nikamwambia. Akaacha kutafuna ubuyu. "Mwenzangu, wewe ulinunua pamoja na muuzaji."

Niliwahi kuandikia redio habari za wilaya, na najua hasira isiyo na ushahidi ni kelele tu. Kwa hiyo nilikwenda Dar kumwona wakala anayetoa mizigo bandarini, nikamwekea boksi mezani, nikamwomba anieleze safari yake. Hakunificha. Kuna nauli na bima. Kuna ushuru na kodi. Kuna malipo ya kuhifadhi mzigo kila siku unayochelewa. Siku unayoagiza dola ina bei moja, siku unayolipa ina nyingine. Muuzaji wa Maskati anashusha kontena zima, wa kwetu anashusha vipande vitatu, na wauzaji wa kule hawampi punguzo mtu wa vipande vitatu. Tena kikifika kimekufa hakirudishwi. "Vizima ndivyo vinalipia maiti," alisema. Tulipomaliza kuzijumlisha gharama zote juu ya bei ya kule, tulifika laki nane. Laki tatu zilibaki hazina mwenyewe.

Nikamfikiria mwenyewe ninayemjua.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba."

"Naomba kuona karatasi ya ile kadi."

Dukani palikuwa na wateja wawili. Akacheka kwa ajili yao. "Mwana wa leo anamdai baba yake risiti!"

"Basi harusi itachelewa kidogo, ami."

"Mpaka lini?"

"Mpaka karatasi."

Ana mafundi wawili wanaoweza kufungua kompyuta yoyote kwa dakika kumi. Niliona anavyowageukia, na niliona anavyokumbuka. Mle ndani ya kompyuta yangu mlikuwa na mkewe, hana hata mtandio, anazungusha kiuno kama msichana. Fundi gani angemtuma akatazame? Sitasema uongo: nilirudi nyumbani natembea polepole, nikiionja ile sura yake kama kashata.

Mkewe alikuja mara mbili. Nilimpikia chai, nikamkatalia. Siku ya thelathini na moja akaja bibi harusi mwenyewe, kutoka Zinga kwa wakwe zake. Kesho kutwa yake alikuwa anapanda ndege na mumewe kwenda Maskati.

"Dada, mimi nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Naondoka sina hata picha ya mama yangu anacheka." Akafungua pochi, akaweka karatasi iliyokunjwa mara nne. "Nimeitoa kabatini. Baba hajui."

Niliifungua. Ilikuwa risiti ya Kariakoo. Milioni moja na elfu thelathini. Ami alikuwa amepata kwangu elfu sabini tu.

"Kariakoo?"

"Vyote ni vya Kariakoo, dada. Na tende pia."

"Na Dubai?"

"Alikwenda mara moja, mimi nipo darasa la tano. Mzigo ukakwama bandarini, gharama zikala mtaji wote. Tangu hapo akiaga, analala kwa rafiki yake Ilala."

Nikaisogeza risiti dirishani nisome muhuri wa muuzaji. Wino ulikuwa umetawanyika. Nusu ya jina haikusomeka, na namba ya simu ilikuwa doa la zambarau. Sehemu kubwa ya zile fedha zisizo na mwenyewe ilipita kwa muuzaji huyo, au kwa mwingine aliye nyuma yake. Nikaipiga picha kwa simu, nikamrudishia karatasi airudishe kabatini.

Mtu mwema angemhurumia ami papo hapo. Elfu sabini ni haki ya mwenye duka, ningempa kwa kuombwa tu. Lakini kilichonifunga mdomo ni begi la mkononi ambalo halikuwahi kuwepo, pamoja na jina la baba yangu. Hilo sijamsamehe.

Nilimpa bibi harusi video yake, nikafuta kwenye kompyuta yangu sehemu yote ya wanawake mbele ya macho yake, kama ninavyoapa siku zote. Kipande kimoja nilikitoa kwenye video yake, nikakibakiza kwangu: ami amekaa mkekani, ameshika mkono wa mkwewe, anatamka kwamba anamwoza binti yake.

Alipoiangalia video kabla hajaondoka, aliigundua nafasi ile. "Dada, kisasi chako kina urefu gani?"

"Dakika nne."

Siku chache baadaye ami alikuja, akasimama kizingitini. Nilimwamkia, akaitika.

"Kile kipande changu kipo?"

"Kipo, ami. Kizima. Nangoja ile karatasi, kwa mkono wako." Nikamsogezea kiti. "Dubai hawajambo?"

Alitazama boksi la kadi juu ya kabati. "Hawajambo," akasema, wala hakukaa.

Wiki iliyopita alifunga sanduku tena na kuaga. Jana boksi la tende lilifika kwangu, sawa na nyumba nyingine zote. Ule muhuri bado sijapata wa kuusoma, na dakika nne bado zimo ndani ya kompyuta.