Mtoto Niliyemtoa Kabatini

Nyie mnaocheka chini chini, chekeni tu kwa sauti, maana Mururu nzima imeshanicheka, na jina la Maman Kaye sasa nimelizoea kuliko lile nililobatizwa.

Mimi ni mwalimu wa darasa la sita, na wakati ule nilikuwa pia mjumbe wa chama cha walimu pale shuleni (kiherehere changu mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha). Mnajua tunavyofundisha: asubuhi kundi moja, mchana kundi lingine, halafu ukitoka unabeba rundo la kaye, yaani madaftari ya watoto, ukayasahihishe nyumbani huku maharage yanaungua. Tulipomwomba Direkta, mkuu wetu wa shule, atuombee wilayani mwalimu hata mmoja wa kutupunguzia, alitujibu mbele ya wote: "Kusahihisha kaye njo kazi gani? Hata maman mwenye mutoto ku mugongo anaiweza!" Aisee, nikasimama, mimi huyu huyu, nikapaza sauti kwamba kuanzia kesho kengele ya mwisho ikilia kaye zote zinabaki kabatini, tunatoka mikono mitupu mpaka aende wilayani, na mmoja wetu akivunja tumekwisha sote, kwa sababu Direkta atasema mnaona, kumbe mnaweza. Wakanipigia makofi mpaka nikajiona mtu.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri, tukawa tunasubiriana getini, kila mmoja anaonyesha viganja vyake. Kisha Alhamisi msichana mmoja wa darasani kwangu, Aline, akanifuata na kuniuliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, zile hesabu nilizipata? Mtihani wa taifa unakaribia." Loh! Moyo uliniuma. Nikasema nitachukua kaye chache tu, za wale wanaoyumba, lakini nilipofungua kabati chache zikawa nusu, nusu zikawa zote za kundi la asubuhi (utamwacha nani?).

Sasa zitapitaje getini? Hapo shetani akanionyesha kitenge. Kila jioni mimi hutoka na binti yangu Divine mgongoni, kwa sababu hushinda na mama mpishi wa shule, ila siku hiyo alikuwa Rwimbogo kwa bibi yake, na walimu wenzangu hawakujua. Nikazipanga kaye, nikazifunga mgongoni, juu nikaweka kofia yake ya sufu, nikatoka nimeinama kidogo huku najipigapiga nyuma, "Shii, mama, lala." Tena naimba!

Getini Papa Anselme, mwalimu mkubwa kuliko sisi wote, aliyekulia Bukavu, ng'ambo kule Kongo, na mwenye mdomo wa huko, akanisimamisha. "Maman Divine, mikono!" Nikaonyesha mikono, mitupu kabisa. Nilikuwa nimeshavuta hatua niende zangu, mara manyunyu yakaanza, na nani anatokea nyuma na mwavuli? Direkta. Ni mtu wa heshima, hilo siwezi kumnyima.

"Maman, njia ya kwenu ni matope tu. Utaanguka na mutoto. Leta nimubebe miye."

"Hapana, Direkta, amelala."

"Kama amelala njo vizuri, hatanililia."

Narudi nyuma, kumbe Zawadi, rafiki yangu wa darasa la tano, kwa huruma zake ameshafungua fundo (Zawadi, Mungu anakuona). Direkta akapokea kwa mikono miwili, mzigo ukamvuta chini. "Yesu Maria! Uyu mutoto munamulishaka nini? Iko muzito, miye siweze!" Kofia ikaanguka. Kitenge kikafunguka, na Divine wangu hakuwa na kichwa, alikuwa na kaye tupu, nyingine zikaporomoka matopeni.

Niliwatazama wenzangu. Hakuna aliyecheka, na hilo liliniuma kuliko aibu yenyewe. Direkta akaangalia kaye, akaniangalia mimi, akatabasamu. "Kumbe munaweza." Neno lile lile nililowaonya! Nikalia, mtu mzima, palepale getini.

Ndipo Papa Anselme akakohoa. "Direkta, si mulisema ni kazi ya maman mwenye mutoto ku mugongo? Basi mubebe, mumufikishe kwake." Akina mama waliokuwa wanarudi kutoka kuuza kule mpakani Rusizi II walikuwa wamesimama kutazama, na Direkta si mtu wa kushindwa mbele ya watu. Akazifunga mgongoni kweli, juu ya koti la suti, nasi tukamfuata nyuma kama tunasindikiza bibi harusi. Mlima wa kwetu mnaujua. Alipumzika chini ya migomba, akapumzika tena kwa fundi baiskeli, na alipofika kwangu alikaa kizingitini akaomba maji.

"Ni kila siku munabebaka hivi?"

"Kila siku, Direkta. Na za kundi la mchana bado ziko kabatini."

Alimaliza maji, akarudisha kikombe, na Jumatatu akaenda wilayani yeye mwenyewe. Wametuletea mwalimu mmoja, si haba.

Aline alipata kaye yake na alama nzuri, matope pembeni. Mimi ujumbe wa chama wameninyang'anya wakampa Zawadi, na sikubisha, kwa sababu niliwaambia mmoja akivunja tumekwisha, na huyo mmoja nilikuwa mimi. Kilichotuokoa ni mdomo wa Papa Anselme, wala si akili yangu. Mpaka leo nikipita getini na Divine wa kweli, mzee yule hunisimamisha, "Tuone!", namfungua mtoto, anaamka, anapiga ukelele, walimu wote wanashangilia, ndipo naruhusiwa kupita. Nimeapa mbele yao: mgongoni kwangu sibebi tena kitu kisicholia.