Alasiri ya Upepo Ule

Nafundisha hisabati katika sekondari moja ya Buhongwa. Kila tukifika mada ya mantiki, nawaambia wanafunzi kwamba sentensi ama ni kweli ama si kweli, hakuna katikati. Nayasema hayo kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika.

Kaka yangu alikuwa fundi redio Mabatini. Alasiri moja upepo ulipindua boti ndogo iliyokuwa ikitoka Kamanga, ng'ambo ya ziwa, kuja mjini. Abiria wengi waliokolewa. Mwanamke mmoja muuza nyanya, aliyenusurika, alikuja nyumbani kwetu jioni hiyo hiyo.

"Nilikaa na mwanao botini," alimwambia mama. "Alinishikia tenga langu. Alinieleza kazi yake na mahali anapokaa, ndiyo maana nimewapata. Maji yalipoingia sikumwona tena."

Mwili haukupatikana.

Kesho yake akaja shangazi, redio yake mkononi. Hakutaka kulia.

"Alasiri ile nilikuwa naye dukani kwake," alisema. "Aliniamkia, akanikabidhi redio hii. Tulikuwa tukiijaribu upepo ulipoezua bati la jirani."

"Shangazi, labda ilikuwa juzi," nilimwambia.

"Upepo wa kuezua mabati ulivuma mara ngapi wiki hii?"

Nilienda kuangalia. Bati lilikuwa bado limelala barabarani, na duka la kaka limefungwa kwa kufuli.

Basi nikawakalisha wanawake wale wawili pamoja, nikitumaini mmoja atasitasita. Wote walitaja shati la bluu lenye mkono ulioungua kwa kulehemu. Wote walikumbuka kovu kwenye nyusi. Walipomaliza walitazamana, kisha muuza nyanya akasogea kidogo ili shangazi apate nafasi kwenye mkeka. Hapo ndipo shangazi alipolia.

Jioni nilimfuata mama jikoni.

"Mama, mtu hawezi kuwa sehemu mbili kwa wakati mmoja."

"Najua, mwanangu. Sasa niambie, kati yao mwongo ni nani?"



Tulifanya ibada bila jeneza. Mama aliwaacha watu waomboleze, lakini walipotaka kutoa kitanda cha kaka nje alisimama mlangoni, wakakiacha. Hadi leo anakitandika. Akiulizwa kama mwanawe mkubwa amefariki, hujibu kwamba alizama, kisha huongeza kwamba siku hiyo hakusafiri.

Mwaka jana nilikuwa narudi kutoka Kamanga kwa kivuko, nimeegemea chuma cha ukingoni, nikasikia kikohozi nyuma yangu. Kilikuwa kikavu, cha mtu aliyevuta moshi wa risasi ya kulehemu miaka mingi.  Nilikijua tangu tukilala chumba kimoja na kaka.

Sikugeuka. Ningegeuka, ingelazimu awepo au asiwepo. Kikasikika tena, karibu zaidi. Kivuko kilipogusa gati watu walianza kusukumana kushuka, nami nikashuka nao, macho mbele, nikitembea polepole kama mtu anayemsubiri mwenzake.