Kichwa cha Udongo Mbichi

Basi la pili liliwashusha Chiswick, kando ya Mto Thames, mtaa ambao Pushpa hakuwahi kuukanyaga miaka yote aliyouza vitambaa Rayners Lane, upande mwingine wa jiji. Daisy, Mluhya anayemhudumia nyumbani, alikuwa akivuta kitoroli cha sokoni.

"Mama, huyu mzungu wako mzito. Alikula nini?"

"Jasho la baba yangu. Vuta, binti."

Kitorolini, ndani ya pamba, mlikuwa na kichwa cha udongo: mkuu wa shule ya sanaa ya Bombay enzi za Waingereza. Chaman, babake Pushpa, alikifinyanga akiwa mwanafunzi. Shule ile iliwafundisha sanamu za Kizungu: kwanza unanakili pua za Kigiriki, halafu masikio, halafu uso wa mtu aliye hai. Kazi iliyosifiwa ilitolewa kalibu ya plasta, kisha ikamiminiwa shaba humo ili idumu. Mkuu alitazama sura yake, akacheka. "Ninyi mnajua kuiga tu. Usiniharibie plasta." Kichwa kikabaki udongo mbichi, usiochomwa hata tanuruni. Chaman alihama nacho hadi Kisumu, akachonga mawe ya makaburi mpaka kufa kwake, huku akiziba nyufa za adui yake; Pushpa akakirithi na kuja nacho huku.

Mjukuu wa mkuu, Mzee Whitcombe, alikuwa akiwangoja kwenye ngazi za mto. Familia yake haikuwa na sura nyingine ya babu huyo. Pushpa angeweza kukitupa kichwa zamani, lakini alitaka macho ya kushuhudia. Ndiyo maana alimwandikia Mzee maneno matamu mwezi mzima, akimwahidi kumletea kichwa hicho.

Mzee alimwonyesha kibao kipya cha shaba cha kubandika chini ya kichwa: "Kazi ya mwanafunzi wa Kihindi."

"Kwetu," Pushpa alisema, akivua viatu, "sikukuu ikiisha, mungu wa udongo hurudishwa majini."

"Lakini Mama," Daisy alinong'ona, "si hiyo ni heshima ya miungu?"

"Huyu alijiona mmoja wao."

Akakitoa kichwa kitorolini, akakizamisha mtoni. Udongo mkavu hunywa maji kwa pupa. Pua ilitangulia kuyeyuka, kisha mashavu.

"Tafadhali!" Mzee alilia. "Nitaandika jina la baba yako!"

"Andika. Kibao utakibandika wapi?"

Mikononi mwake kikabaki kijiti kilichozungushiwa waya wenye kutu, kile ambacho udongo ulikuwa umekishikilia. Alimkabidhi Mzee kwa mikono miwili.

"Haya, shika babu yako."

Daisy alicheka, akajiziba mdomo. Walipanda ngazi, kitoroli kikirukaruka kwa wepesi, wakawahi basi. Mzee Whitcombe alibaki chini na kijiti chake, maji ya kahawia yakimlowesha viatu.