Uwele Ndani ya Jedwali

Tak, tak, tak, tak. Mlio wa kile kitufe kirefu cha nafasi bado unalia masikioni mwangu. Nachapa kazi za wanachuo kwenye steshenari hapa Chimwaga, na nilijiona bingwa: kila jedwali nililipanga kwa kukitandika kitufe hicho mpaka safu zilingane.

Juzi Editha, mwanachuo, alikuja mbio. Utafiti wake, niliouchapa mimi, ulitakiwa chuoni saa nane. Akaongeza jina moja tu, jedwali zima likateleza kama ng'ombe kwenye tope la Bahi.

“Usilie, mdogo wangu, kompyuta imezidiwa na joto,” nikamwambia, nikaigeuzia feni.

Mama mwalimu aliyekuwa kwenye foleni akainama, akashika kipanya, akabonyeza alama fulani sehemu ya juu ya kioo. Nafasi zangu zote zikageuka nukta, ukurasa baada ya ukurasa.

“Mwanangu, umepanda uwele humu?”

Nikamjibu, “Shikamoo.” Foleni nzima ikaangua kicheko.

Akatuonyesha kitufe cha Tab, ambacho siku zote nilidhani ni pambo. Kila kilipobonyezwa mara moja, safu ilikaa mahali pake. Editha aliwahi saa nane, akikimbia.

Walipoondoka wote, nilikibonyeza kitufe hicho cha Tab mara moja, taratibu. Badala ya nukta zangu zote, kikatokea kimshale kimoja. Nikakiomba radhi kitufe.