Tisa, Bado Tisa

"Hakuna mtu aliyewahi kuchoka mikononi mwangu," mjomba wangu alisema mbele ya kamera, siku ya kuzindua tawi la ishirini la klabu zake za mazoezi. "Kuna waliohesabiwa vibaya tu!" Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga, nikiwa na keki ya bure mdomoni. Mtu utabishana na nini?

Kabla ya kuitwa Mkurugenzi aliitwa Kopo. Alikuwa fundi wa kupaka rangi, na makopo matupu hakuyatupa: aliyajaza saruji mawili mawili, akayaunganisha kwa bomba la maji, yakikauka ni chuma cha kunyanyua. Jimu yenyewe ilikuwa uani, kati ya choo na kamba ya nguo, kwa hiyo ukinyanyua vibaya unatoka umevaa shuka la mtu.

Lakini wateja hawakumfuata Kopo. Walimfuata mkewe, mkazamjomba wangu, aliyekaa kwenye kigoda chenye mguu mmoja mfupi uliotiwa kipande cha kandambili, akiwahesabia. Moja mpaka nane alihesabu kama mcha Mungu. Akifika tisa, hapo ndipo gari linapokwama.

"Tisa. Hiyo haikushuka. Tisa. Bado tisa."

"Mama, tisa gani hii isiyo na mwisho?" muuza nyama wa mtaani alilia siku moja, magoti yakimgongana.

"Kama hesabu unaijua, mbona mizani yako inadanganya? Shuka, baba!"

Watu walivunjika mbavu. Muuza nyama akashuka, akapanda, na miezi michache baadaye mkanda wake ukatobolewa tundu jipya. Sifa zikatembea. Ua ukajaa, wakapanga ghala. Ghala likazaa tawi mji wa pili, wa tatu, mpaka nchi nzima ikaijua milango ile ya rangi ya chungwa.

Penye mali washirika hawakosi. Walileta mashine zinazohesabu zenyewe, kwa sauti ya mwanamke asiyepiga hata chafya. Mteja amelipia kumi, walisema, apewe kumi yake. Mjomba akakubali. Kigoda kikawekwa mapokezi ya makao makuu, ndani ya kioo, na chini yake maneno "Tulipoanzia". Aliyekuwa akikikalia akaambiwa, "Wewe sasa pumzika, mke wangu."

"Kwani nimesema nimechoka?"

Mjomba alijifanya anapokea simu.

Ugonjwa ulianzia tumboni, kimyakimya, na ulipojulikana ulikuwa umeshajenga. Daktari hakuzunguka mbuyu: mrudisheni nyumbani, mpeni dawa ya maumivu, mkae naye. Mjomba alitoka pale kama mtu aliyetukanwa. Yeye aliyefufua viuno vya nchi nzima, aambiwe akae? Akatoa makochi sebuleni, akaingiza kitanda, na kila asubuhi akamkalisha mkewe, akampa kikombe cha bati, kitupu, akinyanyue.

"Saba. Nane. Tisa," mjomba alihesabu. Kikombe kilibaki hewani. Pete ilikuwa imezungushiwa uzi isidondoke kidoleni. "Tisa. Bado tisa."

Mjomba aliamini kwa moyo wake wote kwamba siku atakapotamka kumi, ndiyo siku atakayompoteza.

Mama yangu, ambaye ni dada yake, alikuwa akiangalia toka mlangoni mpaka uvumilivu ukamwisha.

"Kaka, mwache. Huyu si mteja."

"Usinifundishe kazi, dada!"

Asubuhi iliyofuata kikombe hakikupanda, kiliishia kifuani. Mkazamjomba alimtazama mumewe, na ule ukali wa kwenye kigoda ukamrudia machoni.

"Kopo." Ilikuwa miaka hatujasikia mtu akimwita hivyo. "Huo wizi nimekufundisha mimi. Sasa nihesabie sawasawa."

"Bado kidogo tu, mke wangu. Hujachoka."

"Nimechoka. Leo nimesema mwenyewe. Umesikia?"

Mjomba akapiga magoti. Ile shingo nene iliyobandikwa kwenye mabango ya barabarani ikainama. Akafuta uso kwa shuka la mgonjwa. Mimi, ambaye hata msibani hukosi kunisikia nikichekesha watu, nilisimama pale nikihesabu vigae vya sakafuni.

"Kumi," akasema.

Mkazamjomba akakiachia kikombe.

"Haya. Kumbe unaijua."

Alifariki keshokutwa yake, asubuhi, dirisha likiwa wazi, mjomba amemshika mkono bila kuhesabu chochote.

Baada ya maziko, mjomba alikwenda makao makuu kuchukua kigoda. Nilimsindikiza. Ndani mashine zilikuwa zinahesabu, tisa ikipita mara moja tu, kumi ikija nyuma yake bila kusita. Meneja alimpa pole kwa mikono miwili, kisha akajikuna kisogo.

"Mkurugenzi, samahani sana. Kile kigoda kimeandikishwa mali ya kampuni. Nikikitoa hivihivi, washirika watanila nyama. Labda… ukinunue."

Nilimgeukia mjomba, nikisubiri yule mtu wa kwenye kamera angurume. Hakunguruma. Aliuliza bei.

Risiti ikaandikwa: kigoda kimoja, kimetumika, shilingi elfu nne.