Ukuta wa Jikoni kwa Mama Mkwe

SAA mbili na robo asubuhi, Kizito Mpagi amepiga magoti ndani ya jiko jipya mjini Mpigi, patasi mkononi, anaudonoa ukuta uliopigwa lipu wiki iliyopita tu. Vipande vya saruji vinamrukia usoni. Mwenye nyumba amesimama mlangoni na kikombe cha chai, anamuuliza kama ameitwa kujenga au kubomoa.

"Nnyabo, mama yangu, kigae hakishiki ukuta unaoteleza," anamjibu bila kugeuka. "Niache niuchubue kwanza."

Pembeni yake vigae vimelala ndani ya beseni la maji. Ubao mrefu wa kunyoosha safu ya kwanza umeshapigiliwa ukutani, na Kizito anaupima kwa pimamaji mara ya pili, kisha ya tatu, kama mtu asiyeyaamini macho yake.

Mwenye nyumba anacheka. Anasema majirani hawakumdanganya, kwamba kutoka hapa hadi Buwama hakuna fundi wa vigae kama huyu. Kizito anainamisha kichwa. Masikio yake yanaiva.

"Mtu akinisifu, natamani aache," anasema baadaye, mama huyo akishaondoka. "Nakumbuka ukuta wangu wa kwanza."

Ukuta huo uko Buwama, nyumbani kwa mama mkwe wake, Leokadia Nakawooya, ambaye sasa ana miaka sabini. Miaka sita iliyopita watoto wake walimjengea jiko la ndani, na binti yake mdogo alikuwa karibu kumleta mchumba kujitambulisha kwa wazazi. Familia ilikaa barazani kupanga. Mkwe mwenzake Kizito, polisi mwenye gari lake, akauliza ni nani ataitwa kuweka vigae.

Kizito wakati huo alikuwa fundi wa lipu, akipata shilingi elfu thelathini siku kazi ikiwepo. Vigae alikuwa amevibeba tu, boksi kwa boksi, kwenye jengo moja la Kampala, na kumtazama fundi akiviweka kwa siku tatu.

"Nikasema, vigae? Hiyo ndiyo kazi yangu ya kila siku. Hakuna aliyenisukuma. Nilitaka tu yule polisi anisikie."

Mkwe wa kiume hana shughuli jikoni kwa mama mkwe. Hawashikani mikono, hawakai chumba kimoja, na wazee husema anayevuka mpaka huo hupatwa na ugonjwa wa kutetemeka. Kwa hiyo kazi ilipoanza, bibi huyo alihamia baraza ya nyuma, na kila neno lilipitia kwa Regina Nannozi, mke wa Kizito. Mama anauliza kama umeshakula. Mwambie Mama nimeshakula. Mama anauliza mbona unaanzia chini. Mwambie Mama ndivyo inavyoanzwa.

Haikuwa hivyo. Sakafu ilikuwa na mteremko, na safu ya kwanza ikaufuata. Ukuta ulikuwa umepakwa rangi ya mafuta, naye hakuichubua. Vigae hakuviloweka. Kufikia safu ya tano mistari ilikuwa imelala upande mmoja, na mikono yake ilitetemeka hata mwiko ukagonga ndoo. Regina aliona, akauliza kwa hofu kama ameuvuka ule mpaka na mama yake.

"Nilimwambia ni njaa," anasema Kizito. "Nilikuwa nimetoka kumwambia mama yake nimeshakula."

Alimaliza kwa siku nne. Pale mstari ulipokataa kabisa, alikata vipande vyembamba akaziba. Bibi alipoingia kutazama, yeye akiwa ameshaondoka, alituma shukrani na jogoo.

Siku ya sherehe ilifika wiki mbili baadaye. Wageni walikuwa wameshaketi chini ya turubai, Kizito naye ameketi na wanaume wa familia, amevaa kanzu na koti. Jikoni sufuria tatu za mchuzi wa karanga zilikuwa zikichemka tangu asubuhi, na mvuke umetanda ukutani.

Alisikia kishindo kimoja. Kikafuata kingine, kisha mfululizo, kama mtu anayeangusha kabati la vyombo.

Vigae viliteremka safu kwa safu. Vingine viliingia kwenye mchuzi, wote ukamwagwa. Kimoja kilimchana mama mkwe wake kutoka kwenye kiwiko hadi karibu na kifundo cha mkono, akashonwa nyuzi tisa. Wageni wakala matoke bila karanga, na mchumba na watu wake wakaondoka wakinong'onezana.

Wanaume walimgeukia Kizito. Hakuna aliyemfokea. Polisi alimuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Fundi, imekuwaje?"

"Vigae ni vibovu," alijibu. "Haji ametuuzia mabaki."

Anaporudia maneno hayo leo, Kizito anaweka patasi chini na kujifuta uso kwa mkono mzima, ingawa jasho hana.

Haji Ssebuliba, aliyeuza vigae hivyo, ana duka la vifaa vya ujenzi mjini Mpigi. Siku ya nne, Leokadia Nakawooya alipanda gari kwenda kwake, mkono umefungwa bandeji, na gunia la vigae vilivyovunjika. Alimsema mbele ya wateja mpaka yeye mwenyewe akalia. Haji alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamrudishia pesa zake zote. Habari zikasambaa, na kwa miezi minne watu wa Buwama walilipita duka lake wakaenda kununua mbali zaidi.

Kizito naye alilipita, upande wa pili wa barabara, akitazama miguu yake.

Kilichomvunja ni kumsikia mkewe. Alikuwa akinawa mikono ale, Regina akawa anazungumza na jirani wa upande wa pili wa ua, akimwita Haji mwizi, tena kwa uchungu wa kweli, maana mkono ulioshonwa ni wa mama yake. Kizito alikaa mbele ya chakula asiguse. Regina aliporudi ndani, akamweleza yote.

Regina hakusema naye kwa siku mbili. Siku ya tatu alivaa gauni lake la kwenda kanisani, ingawa ilikuwa Jumatano.

"Umemuumiza Mama, halafu ukamtumia kumtukana mtu asiye na kosa," alimwambia. "Mimi huu mzigo sikubebei. Twende ukaseme."

Kizito alisema akiwa amesimama nje ya dirisha la jiko la Buwama, ameupa ukuta mgongo. Mama mkwe alikuwa ndani, anachambua maharage kwenye ungo. Kizito anakumbuka mlio wa ungo ukikoma alipofika kwenye jina la Haji. Akadhani bibi ametoka. Kisha maharage yakaanza kulia tena.

"Mwambie mumeo mkono umepona," bibi alimwambia Regina, kwa sauti iliyotosha kufika nje. "Haji bado."

Siku hiyohiyo Kizito aliingia dukani. Anasema alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi. Haji alifungua droo akatoa kigae kimoja cha kijani, akakigeuza na kumwonyesha mgongo wake.

"Kitazame. Kisafi kama sahani," Haji alimwambia. "Kingeshika, kingeanguka na saruji yake. Nilijua siku ileile alipolimwaga gunia."

Kizito alimuuliza kwa nini alinyamaza.

"Ssebo, bwana, mama wa watu amesimama hapo ananililia, mkono wake umefungwa. Nimwambie ni mkwe wake? Angeuweka wapi uso?"

Haji hakudai kitu ila kimoja: neno lile likasafishwe pale lilipotupwa. Kizito alikwenda kwa polisi kwanza, kisha kwa majirani, kisha sokoni Buwama siku ya gulio, akisimama meza hadi meza. Wengine walicheka. Mwuza nyanya mmoja alimtaka arudie, kwa kuwa dada yake hakusikia vizuri, naye akarudia.

Baada ya hapo akarudi dukani kuomba afundishwe. Haji alikuwa fundi wa vigae kabla magoti hayajamkatalia, na kwa miezi saba alijiwekea kiti cha plastiki nyuma ya stoo yake, akaketi na kumtazama Kizito akiweka ukuta uleule, akiubomoa, akiuweka upya. Kizito alikuwa na miaka thelathini na minane.

Leo, akiwa na arobaini na minne, siku nzuri humpa shilingi elfu sabini. Mikono bado humtetemeka saa ya kwanza ya kila ukuta. "Watu wa nyumbani wanasema ni ule ugonjwa," anasema. "Sio. Ni aibu. Ikiisha nitaanza kukosea."

Nyumba alizozifanyia kazi amepoteza hesabu yake. Ukuta mmoja tu hajaugusa. Jiko la Buwama limebaki na makovu ya saruji na masizi, na kwa miaka sita Kizito amekuwa akienda huko kwenye sikukuu na misiba bila kuthubutu kulitaja. Anaamini mama mkwe ameuacha ukuta hivyo ili yeye awe anautazama.

Gazeti hili lilipomtembelea Leokadia Nakawooya, alikunja mkono wa gauni na kuonyesha kovu bila kuombwa, kisha akalifunika.

"Anadhani namwadhibu? Nilikuwa nangoja aombe kuurudia," alisema. "Alikuwa na mdomo wa kujisifu barazani. Wa kuniomba kazi dirishani anao? Binti yangu asije kumsemea. Na mkamwambie nataka vyeupe. Vile vya kijani sikuvipenda hata vilipokuwa vizima."

Kizito anapopelekewa ujumbe huo, yuko kwenye safu ya mwisho ya jiko la Mpigi. Anashuka kwenye kiti. Anauliza kama bibi alisema "nataka" au "nilitaka", na anapohakikishiwa, anataka kuambiwa tena kutoka mwanzo, polepole.

Kazi hii itaisha Ijumaa. Jumamosi, anasema, atapanda gari kwenda Buwama, Regina atabaki nyumbani, naye atasimama dirishani na kuomba kwa mdomo wake mwenyewe. Atakachosema hajakijua bado. Anachokijua ni kwamba hatabeba mwiko wala pimamaji.

"Nikienda na vyombo, itakuwa kama nimeshakubaliwa," anasema. "Nitakwenda mikono mitupu. Akisema ndiyo, nitarudi kuvifuata."